Mwanga Unaoelekeza Macho Altareni

Kanisa kuu la Wakatoliki wa Sosiot, na wenzao wa kaunti za Kericho na Bomet, ni la Moyo Mtakatifu, mjini Kericho. Lilibuniwa na wasanifu wa John McAslan + Partners wa London, likafunguliwa 2015, na huketisha watu wapatao 1,500.

Mlangoni paa liko chini. Kadiri mtu anavyosonga mbele, matao 10 ya zege yanazidi kupanda na kutanuka hadi altareni. Dari limepangwa fito nyembamba za mbao za saipresi, na kwenye uti wa paa ukanda wa kioo unashusha mwanga wa mchana. Macho hayana budi kuufuata.

Wazo la jengo kumwelekeza mtu kwa Mungu ni la kale. Abate Suger, aliyejenga upya sehemu ya kanisa la Saint-Denis, Ufaransa, katika karne ya 12, aliamini kwamba uzuri unaoonekana humwinua mtu kuelekea kwa Mungu asiyeonekana. Jengo halimpi mtu imani asiyokuwa nayo. Lakini humtuliza, humshusha sauti, humgeuza aelekee mbele. Kwa aliyekuja na mzigo moyoni, hiyo ni huduma kubwa.

Katika kanisa hili la Kericho, milango ya pembeni hufunguliwa, na hewa ya vilima vya Kericho huingia bila msaada wa mashine.