Hukumu ya Dodoma Iliyoshinda Ugenini

Mwaka 1994, Mahakama Kuu ikiketi Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani watu wawili kwa mauaji, kisha akakataa kuwahukumu kunyongwa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakikumpa nafasi ya kuchagua: aliyeua kwa kukusudia hukumu yake ni kitanzi. Mwalusanya akasema adhabu hiyo ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu na inakiuka Katiba. Akaligusa na jambo ambalo wengi hulikwepa: maskini asiye na wakili mzuri ndiye aliye karibu zaidi na kitanzi. Akawapa kifungo cha maisha.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hadi leo sababu zake zinaniumiza, maana majaji wenyewe walikiri kwamba kunyonga ni ukatili na udhalilishaji, ila wakaona ibara ya 30(2) ya Katiba inauruhusu kwa maslahi ya umma. Wale wawili wakapewa adhabu ya kifo.

Hoja za Dodoma, hata hivyo, zilikwishavuka mipaka. Juni 1995, huko Johannesburg, majaji wote 11 wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini waliifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji. Katika hukumu yake, Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alizipitia hukumu zote mbili za Tanzania, na hakuifuata njia ya Mahakama ya Rufani.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha itifaki ya kuifuta adhabu hiyo tangu 1989. Mwaka 2007 Baraza Kuu likazitaka nchi zisitishe kunyonga, kwa kura 104 dhidi ya 54. Mwaka huohuo Rwanda, iliyotaka kukabidhiwa watuhumiwa wa mauaji ya kimbari kutoka mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, iliifuta adhabu hiyo. Burundi ikafuata 2009.

Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi. Ikaipa Tanzania mwaka mmoja irekebishe sheria. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kujiondoa katika tamko linaloruhusu wananchi kwenda moja kwa moja mahakamani hapo. Mwaka ukapita, kifungu cha 197 hakikuguswa.

Wabunge, mfungueni mikono jaji anayeketi leo pale alipoketi Mwalusanya.