Shule kwanza, mwalimu baadaye

Jamani, kuna mchezo mmoja katika elimu yetu ambao nchi hii imeucheza mara mbili, na mara zote mbili aliyeumia zaidi ni mtoto wa kijijini.

Mchezo wa kwanza ulianzia mkoani Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kila mtoto aingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Uamuzi mzuri kabisa, ila walimu hawakuwepo. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku wenyewe wakijifunza ualimu, kwa miaka mitatu, kwa redio na kwa masomo ya posta. Ndio wale tuliozoea kuwaita walimu wa UPE.

Miaka 30 ikapita, zikaja shule za kata. Mpango wa sekondari, MMES, ulianza 2004, na Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu akausukuma kwa nguvu zote. Wananchi wakachangishwa, wakabeba mawe na mchanga, kuta zikasimama. Shule za sekondari zilikuwa kama 1,300 mwaka 2004. Kufikia 2009 zilipita 4,000. Wanafunzi nao walitoka laki 4 na ushee hadi karibu milioni 1 na nusu.

Na walimu je? Waliomaliza kidato cha sita walipigwa msasa kwa mwezi mmoja hivi, wakapelekwa madarasani. Mtaa haukuchelewa kuwabatiza jina: voda fasta! Tulicheka, lakini matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka mara ya kwanza, watahiniwa 6 kati ya 10 walikuwa na sifuri. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya.

Sasa twende Nyamwaga, Tarime, moja ya vijiji vitano vya mwanzo vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Leo makao makuu ya halmashauri ya wilaya yako huko huko. Hela ya dhahabu inaweza kujenga darasa, maabara, hata nyumba ya mwalimu. Lakini mwalimu mwenye ajira ya kudumu anapangwa na serikali, na kumwandaa kunachukua miaka.

Shule ndogo ndiyo inayobanwa zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Chukua shule ya kijijini yenye wanafunzi 120. Ukigawa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40, unapata walimu watatu, na kwenye makaratasi mambo yako safi. Lakini watoto wale 120 wana Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiswahili, Kiingereza, Historia na Jiografia, kwa vidato vinne. Walimu watatu wagawane vipi masomo yote hayo? Mmoja akiugua au akihama, Fizikia imekufa mpaka mwakani. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,200 ina shida zake, lakini si rahisi ibaki bila mwalimu wa Fizikia kwa sababu mtu mmoja kahama.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa 2016, mlango ukapanuka tena. Ni jambo jema. Ila kwa shule ndogo tuache kuhesabu vichwa peke yake. Tuhesabu masomo na vipindi, ndipo tuseme shule ina walimu wa kutosha.

Au wewe unaonaje?