KANADA NA SAUTI YA JIRANI MKUBWA



Unapotajwa ulinzi wa mpaka, mawazo ya wengi huelekea kwenye doria, kambi na ukaguzi wa hati za kusafiria. Lakini ziko nchi mbili ambazo mpaka baina yao una urefu wa karibu kilometa 8,900, wala hakuna majeshi yanayotazamana juu yake. Hata hivyo mmoja wa majirani hao amekuwa akijihami kwa muda wa karibu miaka mia moja. Nchi hizo ni Kanada na Marekani. Kinachovuka mpaka huo bila kugongewa muhuri ni sauti na picha.

Kanada ni ya pili duniani kwa ukubwa wa eneo, lakini watu wake, waliofikia milioni 40 mwaka 1923 jumlisha karne moja, yaani 2023, hawafiki thumni ya Wamarekani, na walio wengi wanaishi karibu na mpaka wa kusini. Katika miaka ya 1920, Mkanada aliyewasha redio yake jioni alizipata kwa urahisi zaidi stesheni za Marekani zenye mitambo ya nguvu kuliko zile za kwao. Ndipo mwaka 1928 serikali ya Waziri Mkuu Mackenzie King ilipounda tume chini ya Sir John Aird. Mzee huyu alikuwa mkuu wa benki, na watu wa biashara walitazamia kwamba atawatetea. Taarifa ya tume, iliyotolewa mwaka 1929, ilisema kinyume: vipindi vingi vinavyosikika vinatoka nje, na dawa yake ni utangazaji ulio mali ya umma.

Taarifa peke yake haijengi mtambo. Mwaka 1930 vijana wawili, Graham Spry na Alan Plaunt, walianzisha chama cha kuitetea redio ya umma, wakawaendea wakulima, wafanyakazi, makanisa na vyuo. Hoja ya Spry ilikuwa fupi: uchaguzi uliopo ni baina ya dola yetu na dola ya Marekani. Mwaka 1932 Bunge lilipitisha sheria ya utangazaji, na mwaka 1936 likazaliwa shirika la CBC, linalotangaza kwa Kiingereza na kwa Kifaransa.

Yafaa tuelewe kiini cha jambo hili. Haikuwa kwamba Wakanada hawana waimbaji wala watunzi. Kipindi cha Marekani kimekwisha kurudisha gharama zake katika soko la nyumbani, kwa hiyo huuzwa nje kwa bei ndogo sana. Mwenye stesheni ya Kanada akipiga hesabu ya faida peke yake, atanunua cha jirani na kumwacha msanii wa kwao mlangoni. Mashindano ya namna hiyo hayapimi kipaji. Yanapima ukubwa wa soko.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1968 iliunda tume ya kusimamia utangazaji, CRTC, chini ya Pierre Juneau. Kuanzia Januari 1971 stesheni za redio za masafa ya kati zilitakiwa kupiga asilimia 30 ya muziki wa Kanada. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kilitazama mambo manne: muziki, maneno, msanii, na mahali ilipofanywa kazi yenyewe, wimbo uliotimiza mawili ulihesabiwa kuwa wa Kanada. Mwaka 1999 kiwango kilipandishwa kuwa asilimia 35. Wenye stesheni walilalamika, na wengine walizirundika nyimbo za nyumbani saa ambazo watu wamelala, hata ikabidi kanuni itaje saa za mchana. Hata hivyo zilipatikana studio, mafundi na kampuni za muziki ambazo hapo awali hazikuwako.

Sheria nayo ilikuwa na makosa yake. Mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada mashuhuri, alitoa albamu ambayo jina lake lina maana ya kuwaamsha majirani. Kwa kuwa alizitunga nyimbo zake pamoja na Robert Lange, mzaliwa wa Mufulira katika nchi ambayo leo ni Zambia, nyimbo hizo hazikuhesabiwa kuwa za Kanada. Zogo likawa kubwa, na mwaka 1993 kanuni ikarekebishwa. Sheria inayomlinda msanii haina budi kumtambua.

Funzo lililo zito zaidi lilitoka kaskazini, kwenye theluji. Satelaiti Anik, iliyorushwa mwaka 1972, iliwafikishia Wainuit televisheni isiyozungumza lugha yao. Wakazi wa Igloolik walipiga kura kuikataa mwaka 1975, wakaikataa tena mwaka 1979. Kwao Ottawa ilikuwa ndiyo jirani mkubwa, na walitumia hoja ile ile ambayo Ottawa iliitumia dhidi ya New York. Walipopata shirika lao la utangazaji, lililoundwa mwaka 1981, ndipo lugha ya Kiinuktitut ilipoingia kwenye televisheni kwa sauti ya wenyewe.

Leo vipindi vinapita katika intaneti, na kampuni zinazovileta hazikuwa na leseni ya Kanada wala wajibu wa aina hiyo. Sheria iliyopitishwa Aprili 2023 imekusudia kuzitia katika utaratibu huo, nazo zimepinga hatua zilizofuata.

Wako wasemao kwamba msikilizaji aachwe achague. Ni kweli, na Wakanada hawakuziba masikio ya mtu: vipindi vya Marekani vinaendelea kusikika huko. Lakini mtu huchagua katika vile alivyowekewa mbele yake. Wapiganaji na askari wanaozikumbuka Mwenge Jazz na Polisi Jazz wanajua kwamba nyimbo zile zimebaki kwa sababu palikuwa na studio ya redio ya taifa iliyozirekodi. Taifa lisilojiwekea nafasi katika mawimbi yake lenyewe litasimuliwa habari zake na jirani, naye atazisimulia kwa faida yake.