Kutoka Solfa Hadi Chuo Kikuu

Tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu, ni vyema tukumbuke shule ya kwanza ya muziki ambayo Wakenya wengi walipitia. Haikuwa na karo wala cheti. Ilikuwa benchi la kanisa, ubao, na mwalimu aliyeandika do, re, mi kwa chaki, kisha akagawa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kwa solfa iliyoletwa na wamisionari, watu wasio na kinanda waliweza kusoma wimbo ambao hawajawahi kuusikia.

Masomo ya juu zaidi yalikuja polepole. Mwaka 1944 Nairobi ilipata shule yake ya muziki, Conservatoire. Baada ya uhuru, muziki ukapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako walimu wengi wa muziki wa shule zetu wamesomea.

Faida ya elimu hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1963 nchi ilihitaji wimbo wa taifa, na kazi ikakabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza wimbo kutoka ng'ambo. Walichukua wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto wake, wakaupangia sauti na kuutungia maneno. Mama alikuwa na wimbo. Wao walikuwa na ujuzi wa kuuandika. Vyote viwili vilihitajika.

Omondi aliendelea na masomo hadi Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1980 kwa utafiti kuhusu ala ya nyuzi ya Waluo. Msomi huyo hakusahau kwao. Ndiye aliyeongoza tume ya rais iliyoundwa mwaka 1982 kuchunguza hali ya muziki nchini.

Hata hivyo, kijana akisema leo kwamba anataka kusomea muziki, wazazi humuuliza, "Utakula nini?" Swali hilo si la dharau, karo ni nzito na kazi hazipatikani kwa urahisi. Lakini zipo: kufundisha, kupanga nyimbo, kurekodi studioni, kupiga ala katika bendi za polisi na jeshi. Nasi wanakwaya tujiulize pia: mara ngapi tumempa mpiga kinanda "asante" pekee, kisha tukashangaa kwamba muziki haulipi?

Nyimbo nyingi za wazee wetu bado zimo vichwani tu, hazijaandikwa. Mzee akifariki, wimbo huzikwa naye. Kwa hiyo, tunapochangia sare na safari za kwaya, tukumbuke pia karo ya kijana mmoja aliye miongoni mwetu. Tukimsomesha, jubilei ijayo itakuwa na nyimbo za kuimba, na mtu wa kuzifundisha.