Shilingi Kumi za Solomon Linda

Mwaka 1939 Solomon Linda, mzaliwa wa Msinga huko Natal, aliingia na kundi lake la Evening Birds katika studio ya Gallo, Johannesburg, kurekodi wimbo uitwao Mbube. Sauti nzito zilishika kiitikio kimoja bila kukiachia, naye Linda akawa anapaa juu yao kwa sauti nyembamba. Waliurudia wimbo huo mara tatu. Mara ya tatu, ukielekea kwisha, Linda akachomeka noti chache ambazo hakuwa amezipanga. Hizo ndizo dunia inaziimba mpaka leo.

Santuri ilinunuliwa kwa wingi Afrika Kusini, na mtindo mzima wa kwaya za wanaume ukaitwa mbube. Waliomwiga Linda hawakumwibia chochote. Yeye mwenyewe alikuwa amechota katika uimbaji wa vibarua wenzake wa Kizulu. Muziki hukua hivyo, na sheria inayozuia hilo huua sanaa.

Dhuluma ilikuwa kwingine. Haki za wimbo zilimtoka Linda kwa shilingi 10. Baadaye santuri ilimfikia mwimbaji Pete Seeger, Marekani, ambaye alisikia "wimoweh" mahali palipoimbwa "uyimbube". Kundi lake la The Weavers likaurekodi, na penye jina la mtunzi pakaandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hakuwapo. Wimbo wa Mwafrika ulihesabiwa kuwa wa jadi, yaani usio na mwenyewe, ingawa mtunzi wake alikuwa hai Johannesburg. Seeger, kwa uungwana wake, alimpelekea Linda dola 1,000. Mwaka 1961 The Tokens waliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata Linda alifariki akiwa fukara. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe.

Mwaka 1994 wimbo huo ukasikika katika filamu ya The Lion King ya Disney, ileile yenye simba aitwaye Simba na msemo wetu wa hakuna matata. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliianika habari yote, akikadiria kuwa wimbo ulikuwa umeingiza dola milioni 15.

Silaha ya familia ya Linda ya kudai haki yake ilipatikana mahali pasipotarajiwa: sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yake. Kifungu kimoja kilisema kwamba hata kama mtunzi ameuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake zinarudi kwa warithi. Kwa hesabu hiyo, haki za Mbube zilirudi kwa watoto wa Linda mwaka 1987. Mwaka 2004 wakili Owen Dean, kwa niaba yao, aliifikisha Disney mahakamani Afrika Kusini, na alama zake za biashara nchini humo, Mickey Mouse akiwamo, zikazuiliwa kama dhamana.

Februari 2006 pande husika zilipatana. Warithi walikubaliwa mirabaha tangu 1987, na Linda akatambuliwa kama mtunzi mwenza. Wimbo haukufungiwa kabatini; bado unaimbwa na yeyote anayeupenda. Kifungu kile kimoja kililinda zaidi kuliko mikataba yote iliyotangulia, nacho kinastahili kuwamo katika kila sheria ya hakimiliki inayotungwa Afrika.