Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo



Sisi watu wa pwani, tangu Mapinga hata Bagamoyo, twalijua jina la John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, kwa ajili ya mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Wachache wajua ya kuwa jina lake limo pia katika historia ya dawa za moyo.

Kirk alikuwa daktari aliyesomea Edinburgh. Tangu 1858 hata 1863 alikuwa katika safari ya Livingstone nchi za Zambezi na Shire. Huko aliona wawindaji wakipaka mishale yao sumu ya mmea uitwao kombe. Ikawa mswaki wake ukagusana na sumu hiyo mfukoni. Alipoutumia akaonja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Ndipo alipotambua ya kuwa sumu ile hushika moyo. Baadaye Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, akapata humo strofanthini, na mwaka 1885 akatangaza faida yake kwa wenye moyo dhaifu.

Katika mji uo huo, mwaka 1867, Lauder Brunton alikuwa ameshika njia nyingine. Wagonjwa wake walibanwa na kifua, kwani moyo ulikosa damu ya kutosha kazi yake. Akawavutisha mvuke wa amili nitriti, maumivu yakatulia. Mwaka 1879 William Murrell wa London akatangaza nitrogliserini, ile ile ipasuayo miamba.

Dawa hizi hazihimizi moyo, hulegeza mishipa. Mishipa irudishayo damu ikipanuka, damu ifikayo moyoni kwa mara moja hupungua, na moyo hupata nafuu ya mzigo wake. Mishipa iulishayo moyo wenyewe nayo hupanuka. Lakini kipimo kikizidi, msukumo wa damu hushuka, na mtu huanguka.

Basi strofanthini huutia moyo nguvu, na nitrogliserini huutua mzigo. Asiyejua tofauti hiyo asithubutu kumpa mgonjwa hata moja.

Tena tusiwasahau wawindaji wale wa Shire. Majina yao hayakuandikwa, walakini neno lao lilibaki: wataalamu wa mimea wote duniani huuita mmea ule Strophanthus kombe.