Ghala moja, seva mingi: SAN ilitoka wapi?

Wandugu, mwaka 1956 IBM ilitoa masini ya kwanza ya diski: sahani 50, herufi milioni 5 tu. Kisha kila seva ya kampuni ikawa na diski zake, sawa kila nyumba na ghala yake: huku mahindi inaoza, kule watu wanalala njaa. Mwaka 1994 kanuni ya Fibre Channel ikapitishwa. Seva mingi zikaanza kuchota mu ghala moja kwa nyaya za pekee. Ndiyo SAN, mtandao wa hifadhi.

Lakini sisi ba-agronome tunajua: ghala moja ikiungua, kijiji kizima kinalala njaa. Msimamizi anagawia kila seva fungu lake, na anaweka kopi mbali. TFC yako iko na kopi ngapi?